Maganda Kando ya Buti

Bunduki ya Marlys Bartek ilikwama mara ya tatu alipofika kwenye sahani za chuma, na safari hii hakuna aliyepiga kelele za kumtia moyo. Ganda tupu lilikuwa limesimama wima kwenye tundu la kutolea maganda, limebanwa na komeo. Alilivuta komeo kwa mkono wa kushoto, ganda likaanguka kwenye changarawe, akaangusha sahani mbili, ikakwama tena. Nilikuwa hatua moja nyuma yake, nimeshika saa inayosikiliza milio. Kazi ya msimamizi wa mstari ni kutazama bunduki na kidole, si uso. Shingo yake niliiona, hata hivyo. Ilikuwa nyekundu mpaka masikioni.

"Kama umemaliza, toa risasi, onyesha," nilisema.

Alichomoa magazini, akaonyesha chumba cha risasi kikiwa kitupu, akachomeka kibendera cha plastiki mahali pa risasi kama sheria inavyotaka, akaondoka mstarini bila kungoja pointi zake zisomwe.

Hayo yalikuwa mashindano ya Agosti ya klabu yetu, kwenye machimbo ya zamani ya changarawe karibu na mto Platte. Tulipomaliza tulikaa kama kawaida nyuma ya magari, milango ya nyuma imeshushwa, kahawa na kolachi za Marlys, vile vimkate vitamu vyenye plamu, zikipita mkono kwa mkono. Bunduki ikikwama, kila mmoja wetu ana dawa.

"Ni hizo magazini," alisema Trent Sieck, kijana anayeuza chakula cha mifugo na ambaye hajawahi kukosa la kusema. "Midomo imepanuka. Zitupe zote."

"Ni ukucha wa kutolea ganda," mwingine alisema. "Umelika."

"Ni mafuta. Unaipaka kama mkate, Duane."

"Bi Marlys, ipe bunduki kolachi moja," Trent alisema. "Huenda hizo risasi haizitaki tu."

Marlys alitabasamu kidogo. Duane, mumewe, hakucheka. Aliichukua bunduki, akaenda nayo kwenye uwanja mdogo wa mazoezi, akafyatua magazini nzima kuelekea kwenye tuta. Tulihesabu kwa masikio, kama watu wa kazi hii wanavyofanya bila kutaka. Haikukwama. Akajaza magazini nyingine, ile ambayo Trent alikuwa ameitukana, akaimaliza pia. Alirudi na uso wa mtu aletaye habari njema.

"Haina kasoro," alimwambia mkewe. "Hata moja."

Alikusudia kumwondolea wasiwasi. Hakusikia alichokisema. Kama bunduki ni nzima na risasi ni nzima, kimebaki kitu kimoja, na Marlys alikisikia vizuri.

"Sawa," alisema. "Mashindano ya jimbo nimeshajiandikisha, nitakwenda Oktoba. Ikinikwamia na huko, natundika."

"Unatundika nini?" Trent aliuliza.

"Vyote. Bastola, mkanda, na hii. Nitafuma soksi."

"Hujui kufuma."

"Nitajifunza. Sijawahi kusikia soksi imekwama."

Kicheko kilitoka, lakini hakikudumu. Marlys aliendesha basi la shule maisha yake yote ya kazi, na watoto waliodhani vitisho vyake ni vya mdomo walirudi nyumbani kwa miguu. Alikuwa amepiga shabaha nasi tangu klabu ilipokuwa na meza moja na choo cha mbao. Akisema anatundika, anatundika.

Bunduki hizi fupi hula risasi za bastola. Wengi wetu huhamia kwazo macho yakichoka au viganja vikianza kutetemeka, kwa kuwa zina kitako cha kuegemea begani na kidoti chekundu cha kulengea. Ndani hakuna maajabu. Risasi ikitoka, nguvu inayoisukuma mbele inasukuma komeo nyuma. Komeo linatupa ganda tupu, linafika mwisho wa njia yake, springi inalirudisha, nalo likirudi linachota risasi mpya kutoka kwenye magazini. Nyuma ya komeo, ndani ya kitako, kuna bafa, kipande cha chuma kinachoteleza pamoja nalo. Bafa likiwa zito na risasi zikiwa dhaifu, komeo hutembea taratibu na kidoti hubaki kimetulia juu ya shabaha. Bafa likiwa jepesi, komeo hukimbia na bega hupigwa teke. Kutafuta mahali pazuri kati ya hayo mawili ndiko kunakotupa mazungumzo majira yote ya baridi.

Duane alitengeneza mashine za kuvunia mpaka alipostaafu. Ni mtu mkubwa, mpole, mwenye mikono inayojua skrubu imekaza kiasi gani bila kutumia kipimo. Majira ya baridi yaliyopita Marlys alipasuliwa bega la kulia, kano zikashonwa upya. Aprili daktari alimruhusu kupiga. Alifyatua magazini moja kwenye tuta la nyuma ya nyumba yao, akasema, "Safi kabisa," akaingia bafuni, akafungua maji. Duane alikuwa amemfuata ndani kumwuliza jambo. Alisimama kwenye korido akasikia kilio ambacho maji hayakukifunika. Haya alinisimulia mara moja tu, mwezi wa Mei, tulipokuwa tunachomelea sahani za chuma, na hakuinua barakoa yake alipokuwa akisema.

Tangu siku hiyo alianza kuilainisha bunduki. Alibadilisha bafa akaweka zito zaidi, kisha zito kuliko hilo, mpaka akafikia zito kuliko yote yanayouzwa. Akaweka springi laini. Risasi zao wanajijazia wenyewe kwenye banda, naye alipunguza baruti kidogo kidogo mpaka akagusa kiwango cha chini kabisa ambacho sheria za mashindano zinakubali. Kila alipobadilisha kitu kimoja alikijaribu mwenyewe, magazini nzima, kabla ya kugusa kingine. Ndivyo inavyopaswa kufanywa, na nisingemkosoa.

"Inapiga kama paka anayekohoa," aliniambia Julai, na ilikuwa kweli.

Mwishoni mwa Septemba Marlys alikuja uwanjani peke yake. Duane alikuwa ameitwa na jirani ambaye mashine yake ilikuwa imekufa katikati ya shamba la soya. Nilikuwa napaka sahani rangi. Aliniomba nimsimamie. Magazini moja, bunduki ikakwama mara mbili.

"Piga wewe, mwalimu," alisema. Wananiita hivyo kwa sababu nilifundisha fizikia sekondari. Nusu ya klabu walikaa darasani mwangu na hawajanisamehe.

Nilisimama pale pale alipokuwa amesimama, nikapiga magazini nzima. Haikukwama.

"Haya basi," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonisumbua. "Ni mimi."

Aliichomeka bunduki kibendera chake, akavua kofia, akainama kuokota maganda. Wote tunaojaza risasi zetu huokota. Ukiondoka na kuyaacha utaonekana umepatwa na msiba. Aliokota kwa muda, mkono wa kushoto ukifanya kazi, wa kulia ukishika kofia. Kisha akanyooka.

"Maganda yako yako wapi?"

Nilimwonyesha. Yalikuwa kule kwenye kona ya ukuta wa mbao, mbali, yamekusanyika kama yamemwagwa na mtu.

"Yangu nimeyaokota yote bila kuhamisha mguu. Tazama. Yalikuwa kando ya buti."

Niliweka brashi ya rangi chini. Bunduki moja, risasi za sanduku moja, mahali pamoja. Ganda likirushwa mbali, komeo lilikuwa linakimbia. Likidondoka miguuni, komeo lilifika limechoka. Mikononi mwa Marlys komeo halikuwa linamaliza safari yake ya kwenda nyuma, na ndiyo maana mara nyingine ganda halikutoka kabisa. Na safari hiyo hupimwa dhidi ya bunduki yenyewe: bunduki ikirudi nyuma pamoja na komeo, njia inakuwa fupi. Ili ibaki ndefu, kitu lazima kiizuie bunduki isirudi. Kitu hicho ni bega.

Nilimwomba ashike bunduki tupu kama anavyoishika akipiga, kisha nikasukuma mtutu kwa kiganja. Ilirudi nyuma bila kupingwa.

"Unaishika kwa ulegevu," nilisema.

"Naishika kama sufuria ya moto," alijibu. "Najua. Sijui nilianza lini."

Nilimwambia aibane begani kwa nguvu zake zote, apige bila haraka, tusitazame shabaha, tutazame maganda. Ya kwanza yaliruka hadi karibu na ukuta. Haikukwama. Akaendelea. Kufikia katikati ya magazini mkono wake ulianza kulegea, na maganda yakaanza kurudi; kila moja lilianguka karibu naye kuliko lililotangulia, mpaka la mwisho likagonga buti lake. Tulipoinama kutazama, yalikuwa yamelala kwenye changarawe mstari mmoja, kutoka ukutani hadi miguuni pake.

"Kwa hiyo siyo magazini," alisema.

"Siyo."

"Wala siyo mimi."

"Ni wewe na bafa kwa pamoja. Duane ameondoa nguvu nyingi. Iliyobaki inatosha kuliendesha komeo begani mwake. Begani mwako haitoshi."

"Na dawa yake?"

"Bafa la kwanza, lile jepesi. Au risasi zenye baruti zaidi. Lolote utakalochagua, itakupiga teke."

"Kiasi gani?"

"Kama ile ya Aprili."

Siri ilikuwa imeshanitoka.

"Kwa hiyo alikuambia."

"Mara moja."

Alikung'uta kofia, maganda yakalia ndani yake. "Bega la Aprili lilikuwa limetoka kwenye kitambaa cha kufungia mkono juzi tu," alisema. "Hili ni la Septemba. Nimelifanyisha mazoezi kila asubuhi na ule mpira wa kuvuta, mpaka mbwa ameacha kunishangaa. Lakini yeye bado anatengeneza bunduki ya Aprili."

"Mwambie."

"Nimwambie nini? Nikimwambia haitaniumiza hataniamini. Nilishamwambia hivyo." Alichukua mkoba wake. "Ikibidi nimwambie, itabidi nimwambie yote. Ngoja nione."

Hakumwambia. Nilijua kwa sababu asubuhi ya mashindano ya jimbo Duane alikuja kwetu akisugua mikono, mwenye furaha, akisema bunduki iko tayari kuliko ilivyowahi kuwa. Upepo ulikuwa wa kaskazini na nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi. Risasi za Marlys zilichukuliwa kupimwa kasi, zikapita chupuchupu.

"Umeona?" Duane alisema. "Hakuna baruti hata chembe ya bure."

Michezo ilikuwa sita. Kundi letu lilianza na mfupi. Marlys alipiga shabaha za karatasi za kushoto, akahamia kwenye dirisha la ukuta wa mbao, bunduki ikakwama. Akaikwamua. Akapiga mbili, ikakwama. Akaimaliza kazi kwa kuvuta komeo, akaonyesha chumba kitupu, akatoka. Trent, ambaye alikuwa amesikia kiapo cha Agosti kama sisi wote, aligeuka akaanza kubandika vibandiko kwenye matundu ya shabaha kwa bidii ambayo sijawahi kuiona kwake.

"Ni baridi," Duane alimwambia. "Mafuta yameganda. Nina mengine mepesi kwenye gari."

Marlys alisukuma kitoroli chenye bunduki yake hadi kwenye meza ya usalama, mahali pekee uwanjani ambapo mtu anaruhusiwa kufungua bunduki, na ambapo risasi ni mwiko hata ya mfukoni. Duane alimfuata. Nilikuwa upande wa pili wa meza hiyo, nakaza skrubu ya kidoti changu, na hawakunijali.

"Nipe bafa la zamani," Marlys alisema.

Duane alitoa kiziba cha sikio kimoja. "Nini?"

"Bafa la zamani. Lililokuja na bunduki. Najua unatembea nalo, wewe hutupi hata msumari."

"Marlys. Hakuna mtu anayebadilisha kitu siku ya mashindano. Wewe ndiye uliyenifunza hilo, na ulinifunza kwa makelele."

"Nakumbuka."

"Hapa huwezi hata kujaribu. Utakwenda mstarini na kitu ambacho hujakipiga tangu, sijui, tangu..."

"Tangu Aprili."

Duane aliweka mkono juu ya bunduki. Kisha akasema, "Bunduki ni nzima. Jana nimepiga magazini mbili."

"Umepiga wewe. Duane, wewe ni ukuta wa ghala. Hata jembe lingefyatua vizuri begani mwako."

Akamweleza habari ya maganda. Alieleza kwa maneno machache na kwa utaratibu, na kabla hajafika katikati nilimwona mumewe ameshaelewa. Duane alilitazama komeo, akalisukuma nyuma kwa kidole, akaliachia. Akaniangalia.

"Mwalimu, uliyaona?"

"Niliyaona."

"Miezi sita," alisema, bila kumwambia mtu. "Kitu kimoja kwa wakati, kitu kimoja kwa wakati. Na bega ni lile lile moja, langu." Alifuta uso kwa kitambaa chenye mafuta, ukachafuka. "Basi sikiliza. Nitaongeza baruti. Majira haya ya baridi, pole pole, tutatafuta..."

"Leo."

"Itakuumiza."

"Ndiyo."

Duane alikuwa amejiandaa kusikia hapana.

"Aprili uliniambia safi kabisa," alisema. "Nilikuwa kwenye korido, Marlys."

"Najua ulikuwa kwenye korido. Ule ubao wa sakafu unalia ukiukanyaga."

"Ulijua? Mbona hukusema kitu?"

"Na wewe mbona hukubisha hodi?"

Upepo ulipiga turubai lililofunika meza. Nilikuwa nimekwisha kukaza skrubu yangu zamani, nikaendelea kuishika.

"Itauma," Marlys alisema, kwa sauti ya chini sasa. "Nakwambia mapema, ili safari hii usikie kutoka kwangu, si kutoka kwenye bomba la maji. Itauma na nitaweza. Nikifika mahali siwezi, nitakwambia siwezi. Nawe utaniamini. Lakini haya ya wewe kupunguza kimya kimya na mimi kuvumilia kimya kimya yametufikisha wapi? Bunduki imekuwa laini mpaka haina nguvu ya kula. Na mimi nimekaa miezi miwili nikidhani nimekwisha."

"Sikutaka udhani hivyo."

"Najua hukutaka. Lete bafa."

Lilikuwa kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba, limefungwa kwenye kitambaa. Kulibadilisha si kazi ngumu, ila lazima springi ibanwe kwa nguvu huku kipini kidogo kikishikwa chini, na mkono wake wa kulia haukuweza hilo. Duane alibana kwa kidole gumba. Marlys alitoa zito, akaingiza jepesi. Hawakusemezana tena. Lile zito Duane alilitia kwenye mfuko wa koti lake, na nililiona likivuta koti upande mmoja.

Mchezo wa pili ulikuwa mrefu, wa kukimbia kati ya kuta tatu. Marlys aliitwa.

"Jiandae."

Alisukuma magazini mahali pake, akaliachia komeo. Mlio wake ulikuwa tofauti, mkavu zaidi.

"Uko tayari? Subiri."

Saa ililia. Sisi wote tulimtazama yeye, isipokuwa Duane, aliyekuwa anatazama changarawe kulia kwa mkewe. Teke la kwanza lilimrudisha Marlys nyuma kisigino kizima. Risasi yake ya pili ilipita juu ya shabaha, nikaona vumbi kwenye tuta. Akasimama sawa. Akaiegemea mbele, akaibana, akapiga tena. Alikwenda taratibu kuliko Agosti, alingoja kidoti kirudi kila mara, na sahani moja ilimkataa mara mbili. Maganda yalikuwa yanaruka juu ya ukuta wa mbao na kuanguka tusikokuona. Alibadilisha magazini akikimbia, kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa vijana, akamaliza kona ya mwisho. Komeo likabaki wazi juu ya magazini tupu. Haikuwa imekwama hata mara moja.

"Kama umemaliza, toa risasi, onyesha."

"Imekula!" Trent alipiga kelele kabla msimamizi hajatangaza mstari salama, akakemewa, akaendelea. "Bi Marlys, imekula yote na kulamba sahani!"

"Nyamaza, kabandike," alisema Marlys, lakini alikuwa anacheka, na machozi yalikuwa yamemtoka, ama ya upepo ama ya bega. Sikuuliza.

Duane aliuliza. "Imeuma?"

"Imeuma."

Duane aliitikia kwa kichwa, akashika kitoroli, akakisukuma hadi mchezo wa tatu.

Marlys alipiga wa tatu na wa nne. Pointi zake zilikuwa za katikati, chini kidogo ya katikati, kwa sababu kidoti kilikuwa kinaruka na alikuwa amesahau jinsi ya kukisubiri. Bunduki ilikula kila kitu. Mchezo wa tano aliupiga taratibu sana, na alipotoka midomo yake ilikuwa myeupe. Alikaa juu ya kreti akaufumbata mkono wa kulia kwa wa kushoto. Nilimwona Duane akiingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akautoa mtupu, akauingiza tena.

Kwenye mchezo wa sita msichana wa kuandika pointi alisoma majina. "Bartek, wewe ni wa pili."

Marlys alisimama. "Huu sipigi."

"Nitaandika sifuri, mama. Huo mchezo mzima."

"Andika."

Kila mtu alikuwa anafikiria lile neno la Agosti, na kila mtu alikuwa anahesabu kama mchezo ambao hukuupiga ni sawa na bunduki kukwama. Duane alimwendea.

"Bega?"

"Bega. Siwezi."

Nilingoja abishane. Nilingoja atoe bafa zito mfukoni, aseme mchezo mmoja tu, laini, atamsaidia. Namjua Duane miaka mingi na nilikuwa na uhakika.

"Sawa," alisema.

Alivua koti lake akamfunika mkewe mabegani, upande wa kulia kwanza, kwa tahadhari. Marlys alishtuka kwa uzito wa mfuko, akaingiza mkono, akatoa kile chuma, akakitazama kiganjani.

"Ulikuwa unatembea nacho siku nzima?"

"Sikujua nikiweke wapi."

"Kwenye gari, Duane. Watu huweka vitu kwenye gari." Akampa. "Mwakani huu mchezo wa sita tunaanza nao. Nikiwa bado na nguvu."

Trent alisikia neno mwakani. Alifungua mdomo, akafikiri, akaufunga, jambo ambalo sitalisahau upesi.

Mpigaji wa kwanza alimaliza, mstari ukatangazwa salama, tukaenda kubandika. Marlys alikuja pia, na koti la mumewe likimfika magotini, akichomoa vibandiko kwa meno na kuvibandika kwa mkono wa kushoto. Duane alikuwa kwenye karatasi iliyofuata.

"Kuna bafa la katikati," alisema, bila kuacha kubandika. "Si zito kama hili wala jepesi kama lile. Na baruti naweza kuongeza kidogo."

"Lete," alisema Marlys. "Ila nalipiga mimi kwanza, kabla hujaligusa. Ukinidanganya nitajua."

"Nitakudanganyaje?"

"Sijui. Wewe ni fundi."

Marlys alibandika tundu la mwisho, akalibonyeza kwa kidole gumba, wakasogea kwenye shabaha nyingine.